Usinunue projekta kwa kusoma boksi

Ukipita Luthuli Avenue siku hizi, au ukifungua soko lolote la mtandaoni kwa simu, hutakosa kuona projekta ndogo nyeupe inayouzwa kwa chini ya ngiri kumi. Kwa boksi imeandikwa 4K. Imeandikwa lumeni 9,000. Imeandikwa inchi 200. Pembeni kuna picha ya familia inatabasamu mbele ya ukuta unaowaka rangi kama skrini ya sinema, na dirisha liko wazi, jua linaingia.

Hiyo picha ya boksi haiwezekani. Na kama wewe ni kijana uliyehamia keja yako ya kwanza, ukakusanya pesa ya gigi tatu au ukajiunga na mpango wa lipa mdogo mdogo ili upate hicho kifaa, ni haki yako kujua hivyo kabla hujatuma pesa, si baada.

Hatusemi projekta ni takataka, la hasha. Projekta nzuri inaweza kugeuza ukuta wa bedsita kuwa ukumbi, na kwa kizazi kinachohamahama kila mwaka kodi inapopanda, kifaa kinachoingia kwa mkoba ni afadhali kuliko runinga ya inchi 55 inayohitaji kubebwa kwa pikapu. Tunachosema ni kwamba soko hili limejaa nambari za uongo, na anayelipia huo uongo ni yule asiye na pesa ya kununua mara mbili. Kwa hivyo tuzichambue nambari zenyewe, moja baada ya nyingine.

Lumeni: hapa ndipo wengi huchomwa

Lumeni ni kipimo cha mwanga. Lakini kuna lumeni na lumeni. Kuna zile zinazopimwa kwa kanuni zinazojulikana, ambazo huandikwa "ANSI" au "ISO" mbele ya nambari. Hapo mwanga hupimwa sehemu mbalimbali za picha yenyewe ukutani, kisha wastani ukapatikana. Halafu kuna lumeni zilizoandikwa tu "lumeni", bila neno lingine. Hizo zinaweza kuwa za balbu ya ndani kabla mwanga haujapita kokote, au zinaweza kuwa za kichwa cha aliyechapisha boksi.

Huna mashine ya kupima? Tumia hesabu. Angalia adapta ya kifaa, imeandikwa wati ngapi. Tuseme ni wati 50. Taa nzuri ya LED hutoa kama lumeni 100 hadi 150 kwa kila wati. Hata kama umeme wote ungeenda kwa taa, na hakuna tone la mwanga lililopotea njiani, wati 50 hazifikishi lumeni 9,000. Na mwanga hupotea, tena sana. Katika projekta za bei rahisi, mwanga hupitia kioo kimoja cha LCD. Kichujio cha kwanza pekee hula nusu yake au zaidi, kisha vichujio vya rangi nyekundu, kijani na bluu vinakula sehemu kubwa ya kilichobaki. Kinachofika ukutani ni makombo. Ndiyo maana kifaa chenye "lumeni 9,000" kwa boksi mara nyingi hutoa mia moja, mia mbili hivi, ukikipima kwa haki.

Sasa mia mbili ni nyingi ama ni kidogo? Inategemea ukubwa wa picha. Sinema za kisasa hulenga mwangaza wa kandela 48 kwa kila mita mraba ya skrini. Ukitaka kiwango hicho kwenye picha ya inchi 100 nyumbani, ukuta mweupe wa kawaida, unahitaji kama lumeni 400 za kweli, na chumba kiwe giza totoro. Ukiwa na 200, picha ya inchi 100 itakuwa imefifia. Ukiipunguza hadi inchi 50, eneo linakuwa robo ya lile la kwanza, na mwanga uleule unakuwa mara nne zaidi. Inchi 70 giza likiwa limeingia, 200 inatosha. Ila mchana, sahau.

Jua halina huruma

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: projekta haiwezi kutoa rangi nyeusi. Inatoa mwanga tu. Nyeusi unayoiona ni ukuta wako pale ambapo mwanga haujafika. Ukuta ukipigwa na jua la dirishani, nyeusi yako inakuwa kijivu, na filamu yoyote iliyojaa usiku na vivuli inageuka uji.

Sasa fikiria ratiba yako. Mechi nyingi za Jumamosi za Ligi Kuu ya Uingereza huanza saa kumi na moja jioni kwa saa zetu wakati wa kiangazi chao, na saa kumi na mbili wakati wa baridi yao. Ile ya mapema huanza saa nane unusu au saa tisa unusu. Jua la Nairobi huzama mwendo wa saa kumi na mbili unusu. Maana yake ni kwamba mechi ya mapema yote utaitazama jua likiwa bado lipo, na ile ya jioni utaona kipindi chake cha kwanza vibaya. Kama nyumba yako ina pazia nyepesi ya lesi na dirisha linaangalia magharibi, projekta ya ngiri nane itakuonyesha vivuli vikikimbiza kitu kinachofanana na mpira.

Kwa hivyo swali la kwanza si "projekta gani?" Swali ni "huwa natazama saa ngapi?" Kama wewe ni mtu wa mchana, na ndio skrini pekee utakayokuwa nayo, chukua hizo pesa ununue runinga ya inchi 32 na uishi kwa amani. Kama ni mtu wa usiku, wa filamu na mfululizo baada ya kazi, basi projekta ni yako. Lakini weka bei ya pazia nzito kwenye bajeti tangu mwanzo.

4K inayokubaliwa si 4K inayoonyeshwa

Uongo wa pili ni wa pikseli, yaani zile nukta zinazounda picha. Picha ya 4K ina nukta 3,840 kwa upana na 2,160 kwa kimo, jumla zaidi ya milioni 8. Ile ya 1080p ina kama milioni 2. Ya 720p ina kama laki 9. Vifaa vingi vya bei ya chini vina 800 kwa 480, ambayo haifiki hata laki 4.

Ujanja uko kwa neno dogo. Boksi husema kifaa "kinakubali" 4K. Ni kweli, ukikilisha video ya 4K hakitakataa. Kitaipokea, kisha kiikamue hadi laki 4 ndipo kiionyeshe. Ni kama kumimina ndoo ya maji kwa kikombe cha chai halafu useme una kikombe cha lita ishirini.

Neno la kuuliza ni la asili: "Pikseli zake za asili ni ngapi?" Muuzaji akianza kuzunguka, una jibu tayari. Kwa picha ya inchi 100 yenye 720p, kila nukta ukutani ina upana wa karibu milimita 1.7. Ukikaa mita mbili na nusu, utaziona. Maandishi ya chini ya filamu yatakuwa na meno. Kwa maoni yetu, mtu yeyote anayetaka kutumia projekta kama skrini yake kuu asishuke chini ya 1080p ya asili. 720p ni ya katuni, muziki na mbogi ya wikendi.

Pima keja kabla ya kupima kifaa

Wengi wetu tunaishi kwa nyumba ya kumi kwa kumi, yaani futi kumi kila upande, mita tatu hivi. Projekta inahitaji umbali. Kila kifaa kina uwiano wake wa umbali na upana wa picha. Uwiano ukiwa 1.2, ukikiweka mita 2.4 kutoka ukutani utapata picha yenye upana wa mita 2, ambayo ni kama inchi 90. Uwiano ukiwa 1.5, umbali huohuo unakupa upana wa mita 1.6, inchi 72 hivi. Sasa toa kitanda, toa kabati, toa meza ya gesi. Kifaa kitakaa wapi? Juu ya nini? Na waya wa stima utapita mlangoni?

Chukua futi, pima, andika. Zile "inchi 200" za boksi zinahitaji umbali wa zaidi ya mita tano hata kwa huo uwiano wa 1.2. Labda uhamie kwa ukumbi wa kanisa.

Usidanganyike pia na ile huduma ya kunyoosha picha iliyopinda. Ni msaada, lakini hufanya kazi kwa kutupa baadhi ya nukta. Ukiweka kifaa kando kabisa ya chumba kisha ukanyoosha kwa nguvu, unapoteza uangavu na pikseli ulizolipia. Kiweke mbele, katikati, kadiri unavyoweza.

Na ukuta? Ukuta mweupe usiong'aa ni mzuri. Ule wa rangi ya mafuta, unaometameta, hurudisha mwanga machoni kama kioo. Shuka nyeupe inaweza kukutoa, ila ikunje mara mbili ili mwanga usipenye, na uivute isiwe na mikunjo. Kabla ya kupigilia misumari, ongea na keateka.

Za ofisini: dili au mtego?

Kuna njia nyingine ambayo wajanja wanaijua: projekta za mtumba zilizotumika maofisini na shuleni, zile watu huita ex-UK. Nyingi zina lumeni 2,500 au 3,000 za kweli, kwa sababu zilitengenezwa kupigana na taa za ofisi. Kwa mwangaza, zinaiaibisha ile nyeupe ndogo ya boksi.

Ila zina masharti yake. Nyingi hutumia taa ya kuchomeka badala ya LED, na taa hiyo huishi saa 3,000 hadi 5,000 hivi, ilhali LED hutajwa kuwa za saa 20,000 na zaidi. Ingia kwa menyu, tafuta "saa za taa", uone imetumika kiasi gani. Uliza bei ya taa mpya kabla ya kununua, kwa maana wakati mwingine taa hukaribia bei ya kifaa chote. Angalia pia umbo la picha: nyingi ni 1,024 kwa 768, umbo la mraba mraba, na filamu itaacha mistari mipana juu na chini.

Jambo lingine ni tokeni. Taa hizi huwa moto sana, na feni huendelea kuzunguka baada ya kuzima ili kuipoza. Tokeni ikiisha katikati ya filamu, feni inazimika papo hapo na joto linabaki ndani. Likitokea mara nyingi, taa inazeeka mapema. Hakikisha mita iko fiti kabla hujaanza. Na taa ikipasuka, fungua madirisha na usishike vipande kwa mikono, kwa kuwa ndani yake kuna zebaki.

Kwa upande wa gharama ya stima, projekta ndogo za LED ni nafuu. Kifaa cha wati 80 kikifanya kazi saa tatu hakifikishi hata robo ya uniti. Kinachokula pesa ni bando. Netflix yenyewe inasema picha ya HD inaweza kutumia hadi GB 3 kwa saa. Kama huna waifai, fanya hesabu ya bando kabla ya hesabu ya projekta.

Usikipe kifaa funguo za maisha yako

Hili ndilo jambo tunalotaka ulichukulie kwa uzito zaidi. Projekta nyingi za bei rahisi huja na mfumo wa Android ambao hujui nani aliutia mkono. Juni 2025, shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo kuhusu mtandao wa kihalifu unaoitwa BADBOX 2.0, uliovamia mamilioni ya vifaa vya nyumbani vinavyounganishwa na intaneti. Projekta zilitajwa kwenye orodha hiyo, pamoja na vijisanduku vya kutazamia video. Vingine vilikuwa vimeambukizwa kabla hata havijafika kwa mnunuzi. Kifaa kilichoambukizwa hugeuza intaneti yako kuwa barabara ya wahalifu, nawe hujui.

Dalili moja iliyotajwa ni kifaa kukutaka uzime ulinzi wa Google Play Protect. Nyingine ni kifaa kinachoahidi vituo vyote vya kulipia bure. Ukiona hayo, kaa mbali.

Hata kama kifaa ni safi, kuna shida ya kawaida: Netflix hutaka vifaa ilivyoidhinisha. Kwenye vingine, programu hugoma kabisa au hutoa picha ya kiwango cha chini. Ushauri wetu ni huu: usilipie ule "ujanja" wa ndani. Tafuta projekta yenye tundu la HDMI, kisha chomeka kipakatalishi chako, king'amuzi, au kijiti cha kutazamia cha kampuni inayojulikana. Akaunti zako zibaki huko. Barua pepe unayotumia na benki isiingie kwa kifaa cha ngiri saba.

Sauti nayo, usitegemee spika ya ndani. Tumia wufa uliyo nayo, kwa waya ikiwezekana, kwa kuwa Bluetooth huchelewesha sauti na midomo ikaachana na maneno. Kisha kumbuka jirani. Ukuta wa ploti zetu ni mwembamba, na si kila mtu amekuja mjini kusikiliza mechi yako.

Sheria iko upande wako

Watu wengi wakichomwa hucheka, hupiga meme, kisha hukitupa kifaa chini ya kitanda. Hapo ndipo tunapokosea kama wanunuzi. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa, na haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa hiyo. Sheria ya Kulinda Wanunuzi ya 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu ubora na sifa za bidhaa. Kuandika lumeni 9,000 kwa kifaa kinachotoa mia mbili ni maelezo ya uongo. Hakuna jina lingine.

Mamlaka ya Ushindani hupokea malalamishi ya aina hii. Na kama muuzaji amekataa kurudisha pesa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na ambayo inafaa kuamua kesi ndani ya siku 60. Huhitaji kuwa na wakili. Unahitaji risiti, ujumbe wa M-Pesa, na picha ya skrini ya tangazo. Kwa hivyo vitunze.

Lakini mzigo huu haupaswi kuwa wa mnunuzi peke yake. Tunataka KEBS na Mamlaka ya Ushindani ziwalazimishe wanaoingiza na kuuza projekta kutaja mambo mawili kwenye kila boksi na kila tangazo: lumeni zilizopimwa kwa kanuni inayojulikana, na pikseli za asili. Mistari miwili tu. Masoko ya mtandaoni nayo yaondoe bidhaa isiyotaja hayo, jinsi yanavyoondoa bidhaa nyingine zinazokiuka masharti. Na nyinyi mnaolipwa kusifu vifaa kwa TikTok, semeni mmelipwa, na msibandike picha ya runinga juu ya ukuta mkadai ni projekta.

Kabla hujatuma pesa

Nenda dukani na flashi yenye video unayoijua vizuri: kipande cha filamu ya usiku, na kipande cha mechi. Mwambie muuzaji azime taa, kisha aziwashe, ili uone tofauti. Soma pembe nne za picha, si katikati tu, kwa maana lenzi mbovu hufifisha pembeni. Sikiliza feni. Tazama kama kuna madoa ya kijivu, ambayo mara nyingi ni vumbi lililoingia ndani, na vumbi la Nairobi unalijua. Uliza waranti ni ya nani, na ofisi yake iko mtaa gani. Akikuambia haiwezi kuwashwa hadi ulipe, mwambie asante, uende zako. Maduka ni mengi.

Ukinunua mtandaoni, soma maoni ya wanunuzi yenye picha walizopiga wenyewe, na uhakikishe unaweza kurudisha kifaa.

Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa uenyeji wa AFCON 2027, na tulishaonja utamu wa CHAN ilipochezwa hapa Agosti 2025. Mechi za nyumbani zikija, wengi watataka kualika marafiki, na matangazo ya projekta yataongezeka kama uyoga. Alika watu, wale, wapige kelele. Ila ukianza kutoza kiingilio, jua umetoka nyumbani ukaingia biashara, na biashara hiyo ina leseni zake, nacho king'amuzi cha nyumbani hakijalipiwa matumizi hayo.

Ngiri kumi ni pesa. Kwa mtu anayeishi kwa vibarua, ni kodi ya mwezi au karo ya mdogo wake. Ukiamua kuitumia kujifurahisha, hiyo ni haki yako na hakuna anayekuhukumu. Lakini itumie kwa kitu ulichokiona kikiwaka kwa macho yako mwenyewe.